Mkanda wa Mtu Mwingine

Jumatatu, 3 Machi

Nimenunua mashine ya presha. Na daftari jipya. Na rula ya chuma, maana rula ya plastiki hupindisha mstari mwishoni na mimi siwezi kuishi nyumba moja na mstari uliopinda.

Daktari wa figo alisema hivi tu: mpimeni nyumbani asubuhi na jioni, mniandikie. Maneno sita. Mimi nimeyageuza kuwa wizara.

Niandike alichoeleza kabla sijasahau (sitasahau, ila napenda kuandika). Figo za Mama zimebaki na nguvu ya asilimia arobaini na moja. Presha inaumiza figo. Figo zikiumia, presha inapanda. Na katikati ya ugomvi huo kuna mishipa ya damu, inayopigwa kutoka pande zote mpaka inakakamaa. Dawa ni mbili. Kidonge cheupe cha asubuhi kinalinda figo. Cha waridi cha jioni kinalegeza mishipa. Daktari alichora bomba kwenye karatasi. Mama akaliangalia, akasema, "Kumbe ni kama lastiki ya sketi iliyofuliwa sana." Daktari akaiandika hiyo lastiki pembeni mwa bomba lake.

Nesi naye alikataza mkono wa kushoto. Usichomwe sindano, usibanwe, mishipa yake itunzwe, huenda siku moja ikahitajika kwa mashine ya kusafisha damu. Hilo la mwisho alilisema harakaharaka, kama mtu anayepita makaburini. Mama amejifunga uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono huo ili asisahau.

Jioni tukapima, mkono wa kulia. Mama akasema mkanda unabana. "Huu umeshonewa mtu mwingine." Nikamwambia mashine ni ya watu wote, Mama, tulia basi. 158 kwa 92. Nilikuwa nimepanga wino mweusi kwa namba nzuri na mwekundu kwa zote zinazozidi 140. Nimeanza na mwekundu. Mimi, msahihishaji wa vitabu vya shule, ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza — kosa!

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi 162.

Ili nisichelewe kazini nimegundua njia ya kuokoa muda: namhoji wakati mkanda unajaa. Umelala saa ngapi? Kidonge umemeza na maji kiasi gani? Jana kwa Bi Vifungo ulikula nini, na chumvi je? (Bi Vifungo ni mwenzake kwenye chumba cha ushonaji. Mama anakata na kushona, yeye anatoboa matundu na kuweka vifungo. Kwenye chumvi hana huruma.) Mama anajibu kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mkuu wa shule. Majibu nayaingiza kwenye safu ya mwisho, "Maelezo". Safu nzuri sana. Ina upana wa sentimita saba.

Nimetaifisha kopo la chumvi. Liko kwenye droo yangu, chini ya soksi. Miaka ishirini na sita, shahada mbili, na nalala na chumvi.

Alhamisi, 6 Machi

166 asubuhi. 164 jioni.

Kaka amepiga simu. Yuko mbali, kwa hiyo anaongoza. Sote tunamwita Mwenyekiti, yeye peke yake ndiye hajui kuwa ni utani. Ameagiza nipige picha ukurasa wa daftari kila jioni nimtumie, naye anausambaza kwenye kundi la ukoo. Leo shangazi mmoja ameandika kuwa mwandiko wangu unaonyesha malezi. Hakuna aliyesema lolote kuhusu 166. Nilifurahi kwa dakika nzima kabla ya kuona aibu. Niseme ukweli — dakika mbili.

Baba hakuwahi kupimwa. Alianguka siku ya Jumatano, hakuinuka tena, mimi nikiwa kwenye chumba cha mtihani, swali la nne. Swali la nne nilipata alama nzuri sana.

Basi. Napima.

Jumapili, 9 Machi

171!

Nilikuwa nimesoma makala manne kuhusu mishipa. Ndani ya kila mshipa kuna utando mwembamba kama ngozi ya kitunguu, na huo ndio unaouambia mshipa utanuke. Figo zikidhoofika, utando unachoka, mshipa unasahau kutanuka. Nikaona Mama anastahili kujua. Nikamweleza mwanzo mpaka mwisho, mkanda ukiwa mkononi ili tusipoteze muda. Nilifika kwenye kiharusi mashine ikalia.

Namba hiyo ilinitoa akili. Nikamwaga vidonge kitandani nikavihesabu. Vyeupe sawa. Vya waridi sawa. Nikavihesabu tena, kwani nilitaka viwe vimezidi. Nilitaka awe anadanganya, maana mtu anayedanganya unaweza kumsahihisha. Nikamuuliza kama huwa anavitema. Mama yangu! Mwanamke aliyeshona sare za shule yetu nzima bila kukosea kola hata moja!

Hakukasirika. Aliviokota kimoja kimoja akavirudisha kwenye kopo. Akauliza kama nimekula.

Sijala. Nimelia chooni, bomba likiwa wazi, kama watu wazima.

Jumanne, 11 Machi

Kliniki. Nesi alimpima Mama: 134. Nilimtazama nesi kama ninavyomtazama mwandishi anayechanganya herufi kubwa na ndogo. Nikafungua daftari mezani kwa daktari, taratibu, kurasa zikitazama upande wake.

Aliduwaa. Akasema katika miaka yake yote hajaletewa jedwali kama hili. Akaeleza kuwa wapo wagonjwa ambao kliniki presha inatulia, nyumbani inapanda, na hao ndio wa hatari, maana ugonjwa unajificha. Akafuta ile 134 ya nesi kwa kalamu. Aliifuta! Daftari langu limemshinda mtu mwenye sare.

Kidonge cheupe kimeongezwa mara mbili. Kimeongezwa pia cha tatu, kidogo, cha manjano, cha kukojoza, ili maji na chumvi vipungue mwilini. Arudi baada ya wiki mbili, apimwe damu pia. Daktari akaomba kutoa nakala ya ukurasa wangu wa kwanza, abandike ukutani, wengine waige.

 Njiani kurudi nikamuuliza Mama anawaza nini. Akasema anawaza gauni la bibi harusi ambaye kila akija kupimwa kiuno anabana pumzi. Nikamwambia, Mama, tuko kwenye mambo mazito hapa.

Ijumaa, 14 Machi

148! Inashuka! Nimemtumia Mwenyekiti picha, na mshale wa kuelekea chini nimeuchora kwa rula.

Mama anasema kichwa kinakuwa chepesi akisimama. Asubuhi alishika ukingo wa meza ya kukatia akangoja ukuta utulie, hayo ni maneno yake. Nilimwambia ni kawaida, mwili unazoea. Nani aliniambia ni kawaida? Hakuna. Niliipenda tu sentensi.

Jumatatu, 17 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Saa nne asubuhi, kazini, nikisahihisha prufu ya kitabu cha sayansi cha darasa la sita, Bi Vifungo akapiga simu. Mama ameinuka kwenye cherehani, ameketi chini. Sio ameanguka — ameketi, akasisitiza, kama kwamba Mama alikuwa amechagua. Uso umepauka kama bitana. Wamempeleka duka la dawa lililo mlango wa pili.

Nikapita nyumbani kuchukua mashine. Ndiyo. Mama yuko chini, mimi nachukua mashine. Na daftari.

Nilimkuta kwenye benchi la duka la dawa, miguu imeinuliwa juu ya kreti la soda. Mfamasia, mwanamke mpole mwenye miwani, akasema kwa mashine yake ni 98 kwa 60. Nikamwambia haiwezekani, jana jioni alikuwa 144 na ninayo kwa maandishi. Akasema pengine. Nikamfunga Mama mkanda wangu hapohapo, mbele ya wateja wawili. Nikamuuliza ameanza kizunguzungu saa ngapi, amekunywa nini, kwa nini hakunipigia mapema. Mashine ikalia. 139. Nikaigeuza wote waione. Nilikuwa nimeshinda. Mama yangu amelala kwenye benchi, jasho linamtoka, na mimi nimeshinda.

Bi Vifungo akanitazama. "Msomi wetu," akasema, "hebu toka nje kidogo."

Nikatoka. Nilisimama kwenye baraza nikisoma bango la dawa ya minyoo. Sikusikia chochote ndani, na nadhani hilo ndilo lililokuwa likifanyika: hakuna aliyesema chochote. Dakika tano hivi. Kisha Bi Vifungo akaniita. Mashine ileile, mkanda uleule, mkono uleule. 113.

Mfamasia akauliza kwa upole kama mkanda huu ni saizi yake. Mama akatoa futi ya kitambaa shingoni (hata kwenye benchi la wagonjwa alikuwa nayo shingoni) akaizungushia mkono wake wa juu mwenyewe, amefumba jicho moja. "Sentimita thelathini na nne na nusu." Mfamasia akausoma mkanda wangu, maandishi madogo meupe ukingoni. Ishirini na mbili hadi thelathini na mbili. Mimi ambaye kazi yangu ni kusoma maandishi madogo.

Nikapiga hesabu, maana ndivyo nilivyo. Kutoka 98 hadi 113, kumi na tano: huo ni mkanda unaobana. Kutoka 113 hadi 139, ishirini na sita.

Hiyo ishirini na sita ni mimi.

Nikamuuliza Mama kwa nini hakusema.  "Mwanangu, mteja akibana pumzi mimi sikati kitambaa. Nasubiri asahau kama anapimwa. Wewe husahauliki." Bi Vifungo akacheka, akaziba mdomo. Mama akaendelea, taratibu, akiikunja futi yake. "Ukiingia na kile kibegi cha mashine, moyo wangu unasimama wima kama mwanafunzi. Lakini ndiyo saa pekee unakaa na mimi, umenishika mkono. Ningesema, ungeacha."

Sikuwa na safu ya kuandikia hilo.

Jioni, siku hiyohiyo

Nilipaswa kupiga simu kliniki palepale. Badala yake niliketi saa nzima naandika kwanza nitakachosema. Rasimu tatu. Ya kwanza ilikuwa na neno "kutokana na". Ya pili ilimlaumu mtengeneza mikanda. Ya tatu ilikuwa nzuri, na nikaanza kuirekebisha, na wakati narekebisha Mama akapita nyuma yangu akishika ukuta.

Nikapiga.

Nesi akapokea, yuleyule ambaye 134 yake ilifutwa. Nikasema, "Ile 134 yako ilikuwa sahihi. Daftari langu ndilo bovu." Hakunisimanga, na nilikuwa nimejiandaa kusimangwa. Aliuliza anakojoa kama kawaida? Amepunguza? Nikamuuliza Mama. Amepunguza tangu jana. Nikasikia nesi anafunua karatasi. Akaenda kwa daktari, akarudi: cha manjano kisimame. Cha waridi cha leo kisimame. Cheupe asimeze kesho mpaka aonekane. Msiache chochote kingine wala kuongeza chochote kwa akili zenu. Kesho asubuhi mje, tupime damu, tuone figo zimeshtuka kiasi gani.

Kushtuka. Presha ikishuka mno, figo dhaifu hazipati damu ya kutosha. Nimesoma makala manne, yote yalikuwa juu ya kupanda.

Asilimia arobaini na moja. Nimekuwa nikiitazama namba hiyo jioni yote. Sijui kesho itakuwa ngapi, na kiasi gani kati ya hicho kitakuwa mwandiko wangu mzuri.

Jumanne, 18 Machi

Jedwali langu liko ukutani kwenye chumba cha kungojea. Limebandikwa kwa gundi nzuri. Mzee mmoja alikuwa amevuta kiti karibu, ananakili safu zangu kwenye daftari lake, pamoja na "Maelezo". Nikamwambia samahani mzee wangu, hilo lina makosa. Akanitazama juu mpaka chini. Akasema kwa kitu kilichochorwa hivi, aliyekichora anajua anachofanya. Nikasema namfahamu aliyekichora. Akaendelea kunakili.

Nesi akatoa damu mgongoni mwa kiganja cha kulia. Uzi mwekundu bado uko kushoto, umeanza kufifia. Nikautazama kwa namna ambayo sijawahi kuutazama. Nilikuwa nimeuzoea kama pambo la Mama. Ule ni mkono uliowekwa akiba kwa siku ambayo huenda nimeisogeza karibu.

Mama alipimwa. 104. Mkanda mpana, dakika tano za ukimya, mimi nikiwa koridoni kwa hiari yangu.

Ndani, daktari alifungua daftari upya. Safari hii hakutazama namba, alisoma "Maelezo". Alisoma kwa sauti: "Mkanda ukijaa, anasema hajala chumvi. Mkanda ukijaa, anakana kutema vidonge. Mkanda ukijaa, ameelezwa kuhusu kiharusi." Akavua miwani. Nilikuwa nimeandika ushahidi wote, kila siku, kwa wino, ndani ya sentimita saba, na hakuna aliyeusoma, hata mimi niliyeuandika.

"Kosa ni letu wawili," daktari akasema. "Nilitazama mistari. Sikuulizia mkanda."

Ningependa anigombeze zaidi. Mama akamwambia asijali, hata yeye aliwahi kukata suti nzima kwa vipimo vya mtu mwingine, ila ile ilikuwa suti. Kisha akainamisha kichwa, nadhani hakukusudia kuimaliza sentensi hivyo.

Kesho watamfunga mashine ndogo ya kuvaa kiunoni, mkanda wake mkono wa kulia, inapima yenyewe kila nusu saa, mchana na usiku, mpaka keshokutwa. Haiulizi kitu. Majibu ya damu pia kesho, watapiga simu. Daktari amesema figo zikiwa zimeshtuka tu, zikipata damu zinaweza kurudi. Nikauliza zikiwa zimefanya zaidi ya kushtuka? Akasema tungoje namba.

Mwenyekiti amepiga, anauliza mbona hajapata picha. Nikamweleza yote.  Halafu akauliza sasa aliambie nini kundi. Nikamwambia aliambie kuwa mdogo wake ana thamani ya ishirini na sita.

Nimerudisha kopo la chumvi jikoni. Mama akalisogeza mwenyewe nyuma ya unga, asilifikie kirahisi.

Jumatano, 19 Machi

Sikwenda kazini. Mashine ya kiunoni imefungwa tangu saa tatu. Nimeambiwa siku iwe ya kawaida. Sijui siku ya kawaida na mimi ndani yake inafananaje, kwa hiyo tangu asubuhi nimejificha: jikoni, uani, bafuni. Kila nikisikia mkanda unaanza kunguruma nasimama palepale, mguu mmoja hewani. Saa nne na nusu nilisimama hivyo na sufuria la maji mkononi. Saa tano, na ufagio.

Saa sita kasoro dakika ishirini na tano Mama akaniita. Alikuwa kitini karibu na dirisha, anapinda ukingo wa lile gauni la bibi harusi kwa mkono. Akasema anasikia ninavyosimama. Mtu akisimama hivyo nyuma ya mlango anasikika kuliko anayepiga kelele. Akaniambia nilete kiti.

"Na kalamu yako lete," akasema. "Usije ukaniuliza kitu. Andika mambo yako."

Basi niko hapa. Kiti changu na chake vinagusana. Naandika kwenye hiki kitabu, kisicho na safu. Mashine ya dukani iko kabatini. Daftari la namba liko kwa daktari, na sijaomba lirudi. Mama amekata uzi kwa meno, jambo ambalo daktari wa meno alimkataza, na sijasema neno. Neno lenyewe liko hapa kwenye karatasi, likae.

Dakika ishirini tumekaa hivi. Sijui lini mara ya mwisho. Mkono wake wenye uzi mwekundu umeegemea goti langu, nadhani ameusahau pale.

Saa sita kamili. Mkanda umeanza.

Na simu — mezani, inawaka, nimeizima sauti lakini inatetemeka juu ya ubao. Namba ya kliniki. Ni majibu ya damu. Nimeshainua mgongo kwenye kiti, Mama amefumba macho, mkanda unajaa, simu inatembea yenyewe kuelekea ukingo wa meza. Hajafumbua macho. Ameinua kidole kimoja juu ya kitambaa: ngoja.

Nangoja.